Fundi Vioo na Gari Lililokaa Katikati

Mwaka ule wa mabomu hapakuwa na mtu mjini mwenye kazi nyingi kama Baba Pacha, wala mtu aliyeionea haya kazi yake kama yeye. Alikuwa fundi wa vioo. Bomu likilia upande wowote, madirisha ya mtaa mzima yanashuka chini, na asubuhi yake watu wamejaa mlangoni kwake, kila mmoja na kamba aliyopimia dirisha lake, imefungwa fundo huku na fundo huku. Kamba hizo zilikuwa zinamkera kupita kiasi.

"Mama, hii kamba inavutika," angemwambia mteja. "Ukiivuta ni dirisha la msikiti, ukiilegeza ni dirisha la kuku. Nitakuja mwenyewe na futi yangu."

Mke wake, Mama Pacha, alikuwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya wasichana iliyokuwa kando ya barabara kuu. Pacha wao, wasichana wawili wa miaka minane waliokuwa wakigombana toka asubuhi mpaka jioni na kulala wameshikana mikono, walisoma shule hiyo hiyo. Barabara kuu ndiyo iliyoukata mji. Juu yake palikuwa na mtaa wa juu, alikozaliwa Baba Pacha. Chini yake mtaa wa chini, alikotoka mke wake. Walipooana hakuna aliyeuliza nani wa juu na nani wa chini. Ugomvi pekee ulikuwa wa mpira, kwa sababu kaka wa bibi harusi alikuwa mlinda mlango wa timu ya mtaa wa chini, na kila mtu, hata mama yake mzazi, alimwita Kipa. Siku ya harusi Kipa alimshika bwana harusi bega akamwambia, "Shemeji, dada nimekupa. Magoli sitakupa." Wakacheka, na kwa miaka mingi hivyo ndivyo walivyokuwa, watu wa kutaniana.

Majeshi ya kigeni yalipoingia kumng'oa mtawala wa zamani, kuna waliopiga makofi na kuna waliofunga milango. Mtawala aling'oka haraka kuliko ilivyotarajiwa. Shida ikawa nini kifuate. Wageni wale walipiga kambi kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni, wakasema watakaa kidogo tu, mpaka nchi ipate polisi wake mpya. Vijana wa mtaa wa juu wakaandikishwa kwa wingi. Wa mtaa wa chini walihesabiwa kuwa ni watu wa mtawala wa zamani, wakaachishwa kazi hata wale waliokuwa madereva na wapishi tu. Kipa alikuwa dereva wa lori la jeshi. Alirudi nyumbani na mto wake, sufuria yake, na bunduki ambayo hakuna aliyemwomba airudishe.

Baada ya hapo mambo yakaenda yenyewe. Mkuu mmoja wa polisi wapya aliuawa akitoka kunyolewa. Kesho yake vijana wa mtaa wa chini walikutwa wamekufa nyuma ya soko, mikono imefungwa. Kisha bomu, kisha lingine. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuulizana, kwa sauti ya chini, "Fulani ni wa wapi hasa?" Na majeshi ya kigeni yakawa katikati, na magari yao ya deraya, mazito ya chuma yasiyopenya risasi, yakizunguka kama mgeni aliyefika nyumba ya watu akakuta mume na mke wanapigana, hajui aingilie au atoke nje.

Baba Pacha aliliona jambo hilo kwa karibu, maana alipata kazi ya kuweka vioo vipya kwenye ukumbi wa chakula pale kambini. Mkubwa wa kikosi kile alikuwa Kapteni, mtu mfupi mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, ambaye alipenda kuja kumtazama fundi akifanya kazi. Alipenda hasa pale kisu cha almasi kinapopita juu ya kioo kwa mlio wa panya, kisha fundi anagonga kidogo kwa chini na kioo kinaachana kama biskuti. Pamoja naye alikuwapo daima mkalimani, mwenyeji, aliyefunika uso kwa kitambaa na kuvaa miwani myeusi ili asitambulike. Watu walimwita Miwani.

"Kapteni anauliza," Miwani alisema siku moja, "wewe upande wako ni upi?"

Baba Pacha alikuwa anapaka puti ya kushikiza kioo pembeni mwa fremu. Hakugeuka. "Mwambie nina mke wa chini, mimi wa juu, na watoto wa katikati."

Kapteni alicheka, kisha akakaa juu ya meza akaanza kuongea, akaongea sana, mpaka Miwani akawa anakimbizana na maneno. Alisema kwamba walikuja kumtoa mtu mmoja, na huyo ametoka. Sasa kila asubuhi wazee wa mtaa wa juu wanakuja kumwambia awapige wa chini, na kila mchana wa chini wanakuja kumwambia awazuie polisi aliowafundisha yeye mwenyewe. Akiwapiga wa chini, amechukua upande. Akiwanyang'anya polisi silaha, amechukua upande. Akikaa kimya, watu wanakufa mbele ya macho yake na pande zote mbili zinamlaumu. Wakubwa wake, walio mbali, wanamtumia neno moja tu: asiingilie.

"Na mkiondoka?" Baba Pacha aliuliza.

Miwani alisikiliza jibu, akalitoa. "Anasema wakiondoka mtauana. Na wakikaa pia mtauana, ila taratibu."

Baba Pacha alirudi nyumbani akamsimulia mke wake. Mama Pacha alikuwa anasahihisha madaftari. "Sasa si angefikiria hayo kabla ya kuja?" alisema, akaendelea na kalamu yake nyekundu.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi ya kawaida kabisa. Baba Pacha alikuwa shuleni kubadilisha vioo vya madarasa ya mbele. Mwalimu mkuu alikuwa amemwomba aweke karatasi ya gundi nyuma ya kila kioo, ili kikivunjika kisiwamwagikie watoto. Alikuwa juu ya ngazi, anasikia darasa la mke wake likiimba hesabu za mara, pacha wake mmoja akikosea kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, ndipo milio ya bunduki ilipoanza.

Polisi wapya walikuwa wamejipanga karibu na mzunguko wa barabara, upande wa juu. Wanamgambo wa mtaa wa chini walikuwa wameshika nyumba ya ghorofa iliyo kwenye kona, upande wa chini. Shule ilikuwa kati yao. Ilikuwa na lango moja tu, nalo lilifunguka barabarani. Nyuma yake palikuwa na ukuta mrefu wa mawe, na ng'ambo ya ukuta bonde la kuvunja shingo. Risasi zilipita juu ya paa kwenda na kurudi. Vioo alivyoviweka asubuhi ile vilianza kupasuka, ila havikuanguka, vilining'inia kwenye gundi.

Walimu waliwalaza watoto chini, vichwa chini ya madawati. Mwalimu mkuu alipiga simu kambini. Akaambiwa wamesikia. Akapiga tena, akaambiwa tena wamesikia. Baba Pacha alikuwa ameshuka ngazi na kujibanza mlangoni mwa darasa; kupitia ufa wa lango aliliona gari la deraya la Kapteni limesimama kwenye mzunguko, injini inaunguruma, halisogei mbele wala nyuma.

Kombora dogo likaangukia choo cha shule. Hapakuwa na mtu, lakini ukuta wake ulilala chini na vumbi likaingia madarasani. Watoto walianza kulia wote kwa pamoja.

Mama Pacha alitambaa mpaka mlangoni alipokuwa mume wake. Uso wake ulikuwa mweupe kwa chokaa. "Yule wa kwenye gari unamjua," alisema.

"Namjua kwa kumfungia vioo."

"Basi nenda. Mwambie alete gari hapa langoni, tupitishe watoto nyuma yake. Hawezi kukataa kitu kama hicho."

"Na nikifa njiani?"

"Ukikaa hapa tutakufa wote." Kisha akamshika shati, kana kwamba amejuta alilosema, halafu akaliachia.

Baba Pacha alivua shati lake la ndani, lililokuwa jeupe kiasi, akalifunga kwenye futi yake ya mbao. Akatoka, akaingia kwenye mtaro wa maji machafu uliopita kando ya ukuta wa shule, akatembea ameinama, futi imesimama juu ya kichwa. Baadaye alisema kwamba hakuwaza chochote cha maana njia nzima. Aliwaza kwamba ameacha kopo la puti wazi na litakauka.

Alipofika kwenye gari alipiga ubavu wake kwa futi. Mlango wa nyuma ukafunguka, mkono ukamvuta ndani. Kapteni alikuwa na simu ya upepo sikioni. Miwani alikuwa amejikunja pembeni.

"Mwambie kuna watoto mle," Baba Pacha alisema. "Wengi. Na wangu wamo. Asimpige mtu yeyote. Aweke gari tu kati ya lango na ile ghorofa, watoto wapande juu mpaka hapa. Basi."

Kapteni alimsikiliza Miwani, akajibu kwa ukali, na Miwani akatafsiri kwa sauti ya huruma. "Anasema anajua kuna watoto. Anasema akisogea mbele ya ghorofa, anaziba macho ya wa chini. Polisi watafurahi. Amri ni kukaa hapa."

"Awaambie polisi wasitumie nafasi hiyo!"

"Anasema ameshawaambia wasifanye mambo mengi, na wameyafanya."

Kapteni alizungumza tena na simu ya upepo. Hata asiyejua lugha yao angeelewa: aliomba, akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa kwa kifupi zaidi. Akaiweka simu chini. Alikaa akiangalia magoti yake. Kisha alimwambia dereva neno moja, na gari likaondoka.

Lilishuka polepole barabarani, likajigeuza likakaa ubavu kati ya lango la shule na ile nyumba ya kona. Risasi za kutoka ghorofani ziligonga chuma mara chache kisha zikanyamaza. Walioko mle hawakutaka vita na wageni. Kupitia kipaza sauti Miwani alipaza sauti kwa pande zote mbili: watoto wanatoka, acheni kupiga. Lango la shule likafunguliwa. Mama Pacha alitoka wa kwanza, ameshika mkono huu pacha mmoja na mkono huu mwingine, na nyuma yao mstari mrefu wa wasichana wenye sare, wameshikana mabega kama wanavyofanya wakienda kunawa mikono. Wakaanza kupanda kwenda kwenye mzunguko, ukuta upande mmoja, gari upande mwingine.

Hapo ndipo polisi walipoanza kushuka. Walikuja mbio, wameinama, kwenye njia ile ile waliyopanda watoto, wakiwapita ubavuni. Baba Pacha, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari akiwahimiza watoto, aliona polisi mmoja akimsukuma mtoto kwa upole, akisema, "Kimbia, mwanangu, kimbia," na kiunoni kwake yamening'inia maguruneti.

"Rudini!" Miwani alipaza sauti. "Kapteni anasema mrudi!"

Hakuna aliyerudi. Kapteni alitoa nusu ya mwili nje ya gari, bastola mkononi, akapiga juu. Akawaangalia polisi, akaangalia mstari wa watoto ambao nusu yake bado ilikuwa ndani ya lango. Kama angeliondoa gari, wa ghorofani wangewaona polisi, na wangepiga, na watoto walikuwa pale pale kati yao. Kama angewapiga polisi, angewapigia katikati ya wasichana wale. Dereva alimgeukia akiuliza kwa macho. Kapteni alitikisa kichwa. Gari likakaa.

Mtoto wa mwisho alipofika mzunguko, polisi walikuwa wameshaingia ghorofani kwa mlango wa pembeni. Milipuko ilisikika ndani, mmoja baada ya mwingine, ghorofa kwa ghorofa, kisha kimya. Mchana walitoa maiti wakazipanga barabarani. Kipa alikuwa mmoja wao.

Hakuna mtoto hata mmoja wa shule ile aliyefikwa na jambo. Hilo watu wa pande zote walilikubali. Lakini kila mtu alikuwa amemwona Baba Pacha akipita mtaroni na shati lake jeupe, na kila mtu alijua kwamba gari lilisogea baada ya yeye kufika. Mtaa wa chini walisema amewauza. Mtaa wa juu walikuja kumpa mkono. Kinyozi wake alikataa malipo, akamwambia, "Shujaa halipi hapa," naye akatoka akiwa amenyolewa nusu na hakurudi tena kwa kinyozi huyo.

Nyumbani mke wake alimpikia, alimfulia, alimwuliza kama unga umebaki. Zaidi ya hapo hakusema. Siku ya msiba alikwenda kwao na pacha tu. Mume wake alivaa nguo za msibani, akakaa kwenye karakana yake akisikiliza kilio kutoka ng'ambo ya barabara.

Mama Pacha ndiye aliyemsimulia baadaye kilichosemwa kule. Watu walipoanza kumtaja Baba Pacha kwa ubaya, alisimama katikati ya wanawake akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma. Kama mnataka mtu wa kulaumu, niko hapa." Mama yake alikuwa amekaa mkekani, nguo nyeusi kichwani. Akamtazama binti yake, akawatazama na wajukuu.

"Najua," alisema yule mama. "Hata ningekuwa mimi ningemtuma. Lakini asije hapa."

Baba Pacha alipata nafasi ya kumwona Kapteni mara moja zaidi, alipoitwa kambini kuchukua vifaa vyake. Kapteni alikuwa anafunga mizigo. Wakubwa wake walikuwa wanamrudisha kwao kwa kuvunja amri. Wazee wa mtaa wa juu walikuwa wamelalamika kwamba alichelewa. Wa chini, kwamba alisaidia kuua. Kupitia kwa Miwani alimwuliza fundi: yeye angefanya nini?

"Sijui," Baba Pacha alisema. "Mimi nilikuja kwako kwa ajili ya wanangu. Wewe hukuwa na mtoto mle. Nashukuru, na shemeji yangu amekufa. Siwezi kulitoa moja nikabaki na jingine."

Miwani alitafsiri. Kapteni alimpa mkono, na fundi akaupokea. Hawakuonana tena.

Miezi michache baadaye majeshi ya kigeni yote yaliondoka, asubuhi moja, msururu wa magari mpaka lami ya barabara ikafanya mawimbi kwa uzito wake. Vita haikuisha kwa kuondoka kwao wala haikuwa mbaya kupita kiasi kama wengine walivyoapa. Iliendelea miaka kadhaa, ikapungua kwa kuchoka. Baba Pacha hakuiona yote. Alihamisha familia yake kwenda mji mwingine, mdogo, ambako hakuna aliyejua habari za gari wala ghorofa, na ambako madirisha yalivunjwa na mpira wa watoto tu. Alipata kazi kidogo, lakini alipata usingizi.

Ndani ya nyumba mambo yalirudi polepole. Mke wake alianza tena kumtania, kwanza mbele ya watu, kisha hata wakiwa wawili. Siku ya mwaka wa msiba walikaa pamoja wakasimuliana vituko vya Kipa, jinsi alivyowahi kudaka mpira kwa meno akavunjika jino na kukataa kutoka uwanjani. Walicheka, kisha wakalia, na hapo wote wawili wakajua kwamba wataendelea.

Mama mkwe alikuja pale nyumba yake ya mtaa wa chini ilipoungua. Hakuwa na mahali pengine. Alishuka kwenye gari na mzigo mmoja wa nguo, akamkumbatia binti yake, akawabusu wajukuu, akampita mkwewe kama mtu anayepita nguzo. Toka siku hiyo akawa anaishi nao, na akitaka kumwambia neno Baba Pacha anawaambia pacha, hata kama mwenyewe amekaa hatua mbili kutoka kwake.

"Mwambieni baba yenu paa la choo linavuja."

"Mwambieni bibi yenu nitaliziba kesho."

Pacha waliokuwa wamekua wakazoea, wakawa wanafanya mzaha, wakitafsiri hata pale wanapomwombea mtu chumvi, mpaka bibi mwenyewe anacheka na kufunika mdomo. Ilikwenda hivyo miaka na miaka.

Mara moja tu aliikiuka desturi yake. Kioo kikubwa cha duka kilimponyoka Baba Pacha uani, kikamkata kiganja vibaya. Mke wake alikuwa kazini, pacha shuleni. Alikaa kwenye ngazi akishika mkono, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe alitoka jikoni, akasimama akiangalia, akarudi ndani. Akatoka tena na beseni la maji na kanga yake nzuri, akaichana vipande kwa meno.

"Nyoosha mkono," alisema.

Baba Pacha akaunyoosha.

"Acha kutetemeka. Mzee mzima." Aliosha jeraha, akalifunga, akakaza mpaka fundi akafumba macho. "Ulikuwa unakibeba peke yako kioo kikubwa hivyo kwa nini? Nilikuwa hapa. Si ungeita?"

"Nilidhani hutakuja, mama."

Yule mama alimwaga yale maji mekundu kwenye mchanga, akaokota vipande vya kioo kimoja kimoja akavitia kwenye beseni, na pacha waliporudi jioni aliwaambia wamwambie baba yao kwamba mkono ule asiulowanishe mpaka wiki ipite.